Kipupwe cha Dowa: wazee wawili na mbabula ndani ya nyumba



Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unazungumzia baridi. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo baridi ya namna hii haikuwepo. Mtu wa Uvira, wa Baraka, wa Kalemie au wa Rumonge amekulia kando ya Ziwa Tanganyika. Kule usiku unajifunika kitenge kimoja na bado unatoka jasho. Ziwa lile liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na maji yake yanatunza joto mwaka mzima. Huku Dzaleka tuko kwenye uwanda wa Dowa, zaidi ya mita 1,000, na upepo hauna kitu cha kuuzuia. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane ni kipupwe. Mwezi wa sita na wa saba, usiku joto linashuka chini ya digrii 10. Wenzetu waliotoka kwenye milima ya Rwanda, Burundi na Minembwe wanatucheka, kwa sababu wao baridi wameizoea tangu kuzaliwa.

Watoto wanauliza: kwa nini baridi inakuja Juni, na ndugu zetu walio Ulaya na Amerika wanapata baridi yao Desemba? Jibu ni kwamba sisi tuko kusini ya ikweta. Kama tarehe 21 Juni jua limekwenda mbali kabisa upande wa kaskazini. Mchana wetu unakuwa mfupi na usiku unakuwa mrefu. Halafu mvua imekatika, mbingu haina mawingu, na joto lote la mchana linapanda juu na kupotea usiku. Mawingu ni kama blanketi la dunia. Yakiondoka, dunia inalala bila kujifunika.

Ukitazama kalenda utaona jambo la kuchekesha. Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Tarehe 30 Juni ni uhuru wa Kongo, uliopatikana 1960. Tarehe 1 Julai ni uhuru wa Rwanda na Burundi, 1962. Tarehe 6 Julai ni uhuru wa Malawi, 1964. Yaani sikukuu zetu zote zimeangukia katikati ya kipupwe. Ndiyo maana siku hizo wacheza ngoma wanatetemeka hata kabla ngoma haijapigwa.

Lakini kwa wazee wetu baridi hii si kichekesho. Mwezi huu nimeketi na familia moja ambayo kipupwe cha mwaka jana kilitaka kuichukulia mzee wao. Wamekubali niandike habari yao ili iwasaidie wengine. Wameomba nisiweke majina, basi nitawaita kama kambi nzima inavyowaita: Mwalimu na Mama Mkunga.

WASTAAFU WASIO NA PENSHENI

Mwalimu ana miaka 74. Alianza kushika chaki mwaka 1973, wakati nchi bado inaitwa Zaire, akafundisha shule ya msingi miaka 37. Mama Mkunga ana miaka 69. Yeye alizalisha wanawake katika kituo cha afya kwa miaka 30 na zaidi. Walioana mwaka 1977. Walifika kambini mwaka 2011, wakiwa na mabegi mawili na redio isiyo na betri.

Nilimuuliza Mwalimu alistaafu lini. Alicheka, akasema: "Wenzangu walistaafishwa na serikali. Mimi nilistaafishwa na barabara. Siku tuliyokimbia, kazi iliishia palepale. Pensheni ilibaki Kongo pamoja na ubao wangu."

Wazee hawa wanaishi nyumba ya matofali ya udongo, chumba kimoja na sebule. Binti yao, ambaye ni mjane, yuko nyumba ya pili pamoja na watoto wanne. Nafasi haitoshi kule, kwa hiyo wajukuu wawili wanalala kwa babu na bibi: mvulana wa miaka 11 na msichana wa miaka 6. Mtoto wao wa kiume alipata bahati ya kuhamishiwa Kanada na familia yake. Yuko mji wa Winnipeg, anafanya kazi ya usiku.

Wengi wanadhani mstaafu anakaa tu. Katika nyumba hii sijaona mtu anayekaa. Mama anaamka wa kwanza. Kipupwe ni msimu ambao njaa inapungua kidogo, kwa sababu mahindi, karanga na viazi vitamu vimetoka mashambani na bei imeshuka. Basi asubuhi anapika uji wa mahindi na kuutia karanga iliyosagwa. Anasema uji mtupu unakuondokea baada ya saa moja, lakini wenye karanga unabaki tumboni na kukupa joto.

Jua likipanda, Mwalimu anabeba kigoda mpaka ukuta wa mashariki. Hapo ndipo penye joto la kwanza. Watoto wa jirani wanamfuata na daftari zao, naye anawasomesha huku wanaota jua. Wenyewe wanaliita "darasa la jua". Halina karo wala kengele. Kivuli kikiwafikia, wanahamisha vigoda.

Mchana binti anakwenda dimba. Kwa wageni wa kambi: dimba ni shamba dogo la bondeni, mahali ambapo unyevu wa mvua unabaki ardhini hata kiangazi. Wenyeji wanalima hapo kabichi, nyanya na mpiru wakati wa baridi, na baadhi yetu tunawakodisha kipande. Mama anachambua mboga, Mwalimu anaandika hesabu ya mauzo katika daftari. Jioni, kabla ya saa kumi na mbili, jua limekwisha kuzama. Hapo familia yote inazunguka mbabula nje ya mlango, ugali unaiva, mzee anasimulia. Mambo yanakwenda vizuri mpaka wakati wa kulala.

BLANKETI ALILOLIFICHA

Mama anasema: "Hii baridi inaingiaka mu mifupa. Kijana anaisikia kwenye ngozi. Mzee anaisikia ndani kabisa."

Kipupwe cha mwaka jana kilipoanza, nyumba ilikuwa na mablanketi manne. Moja la Mama, moja la Mwalimu, na moja moja kwa wajukuu. Mama alikuwa analala chumbani na watoto. Mwalimu alikuwa sebuleni, kwa sababu mgongo unamsumbua na anageukageuka usiku.

Mwezi wa sita blanketi la mvulana lilichanika mpaka likawa kama wavu. Mtoto akaanza kukohoa. Usiku mmoja Mwalimu alimsikia, akaenda polepole, akamfunika blanketi lake mwenyewe. Asubuhi akamwambia: "Hili ni lako sasa. Usimwambie bibi." Yeye akachukua lile bovu. Tangu siku hiyo akawa analala na koti, soksi na lile tambara.

Kila asubuhi binti yake alikuwa anapita kuwasalimu. "Baba, umeamkaje?" Na yeye: "Niko sawa, mwanangu." Mama akimuuliza, jibu ni lilelile, niko sawa. Ndugu msomaji, wewe unamfahamu mzee gani anayejibu vingine? Wazee wetu wamefundishwa hivyo. Mzee anayelalamika anaona amekuwa mzigo, na katika kambi, ambapo kila mtu ana shida yake, hakuna anayetaka kuitwa mzigo.

Mwanawe wa Kanada alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Hata yeye hakuambiwa. Mwalimu alinieleza sababu: "Mtoto anaishi kwenye theluji. Mimi nitamlilia baridi ya Dowa?"

USIKU WA MBABULA

Ilikuwa wiki ya pili ya Julai. Upepo ulivuma tangu mchana. Usiku, Mama na wajukuu walipokwisha kulala, Mwalimu alitoka nje. Mbabula bado ilikuwa na mkaa wa kupikia. Aliupuliza mpaka ukawa mwekundu wote, bila moshi hata kidogo, akauingiza sebuleni karibu na kitanda. Alifunga dirisha, na chini ya mlango akasukumia gunia ili upepo usipite. Alisikia raha, akalala.

Saa nane za usiku mjukuu wa kike alianza kutapika. Mama aliamka ampokee, akaona kichwa chake kinagonga kama kinu na miguu haina nguvu. Alidhani ni malaria. Halafu mvulana naye akasema: "Bibi, kichwa kinaniuma." Hapo mkunga wa miaka 30 alishtuka. Watu watatu kuumwa kichwa saa moja? Alivuta pazia, akaona wekundu wa mkaa sebuleni.

"Nilimwita: Mwalimu! Mwalimu! Kimya. Nilimtikisa, mkono ukaanguka kama wa mtoto mchanga. Nilijua."

Alipiga mlango teke, gunia likatoka, hewa ikaingia. Aliwasukuma watoto nje, akapiga kelele. Majirani walifika, vijana wawili wakambeba mzee mpaka uani. Baada ya muda alifungua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Fungeni mlango, baridi inaingia." Watu walicheka na kulia pamoja. Alibebwa kwa baiskeli mpaka kituo cha afya usiku uleule, Mama na watoto wakifuata kwa miguu. Walirudi mchana wakiwa wazima. Mwalimu alibaki na kichwa kizito siku kadhaa.

SUMU ISIYO NA HARUFU

Ni lazima sote tuelewe kilichotokea, maana mbabula iko karibu kila nyumba. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi. Haina harufu. Haikufanyi ukohoe. Ikiingia mapafuni inashika damu mahali ambapo oksijeni ilitakiwa kushika, tena inashika kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe. Damu inaendelea kutembea, lakini haibebi tena hewa ya uhai. Mtu aliyelala anazama katika usingizi, na hajui kwamba anakufa.

Watu wengi wanaogopa moshi tu. Kwa hiyo wanasubiri mkaa uwe mwekundu, halafu wanaingiza ndani wakidhani sasa ni salama. Kumbe mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaodanganya. Makaa ya kuni ni vilevile.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na miguu kukosa nguvu. Kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja na moto uko ndani, msikae kubishana kama ni malaria. Fungueni mlango, tokeni wote nje, ndipo mbabula itolewe. Halafu nendeni kituo cha afya, hata kama mnajisikia nafuu. Mama mjamzito, mtoto mdogo na mzee wasisubiri asubuhi.

KIKAO CHA FAMILIA

Siku ya pili binti aliita kikao. Alikuja pia mzee wa kanisa na jirani mmoja. Binti hakuweza kuzungumza vizuri kwa machozi. Alisema tu: "Baba, ungekufa kwa ajili ya blanketi?"

Mwalimu alijibu: "Mtoto alikuwa anakohoa. Mimi nimekwisha kuishi."

Mama ndiye aliyesimama. Aliniambia maneno aliyoyasema, na binti alithibitisha ni hayo: "Nani amekuambia umekwisha kuishi? Na mimi nitabaki na nani? Mwalimu, mficha uchi hazai. Nimezalisha wanawake miaka mingi. Aliyelia, tulimsaidia. Aliyeuma meno na kuficha, huyo ndiye aliyetutesa, na wengine walituponyoka mikononi. Wewe umeficha baridi kama yule anayeficha uchungu."

Mwalimu alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema atatii. Mzee wa kanisa naye aliongeza kwamba heshima ya mzee haipungui kwa sababu ameomba kujifunika.

Kikao kilikata mambo manne, na Mwalimu mwenyewe akayaandika kwenye daftari la dimba. Kwanza, mbabula haiingii ndani, si usiku, si mchana, si ya dakika tano. Pili, Mwalimu anarudi kulala chumbani. Watoto wawili watalala pamoja, blanketi mbili juu yao, maana miili miwili inapashana joto. Tatu, kila Jumapili binti anahesabu mablanketi ya nyumba zote mbili kwa macho yake, si kwa kuuliza. Nne, mtoto wa Kanada aambiwe.

Jambo la tatu ndilo lililonigusa zaidi. Binti alinieleza: "Nimeacha kumuuliza baba kama yuko sawa. Nauliza: jana usiku ulijifunika nini? Ulivaa nini miguuni? Maji ya moto ulikunywa saa ngapi? Hapo hawezi kunijibu niko sawa. Lazima aseme kitu."

Ndugu zangu, swali hilo halina gharama. Tuwaulize wazee wetu leo.

SIMU YA JUMAPILI

Mwanawe alipopiga simu, huko Winnipeg ilikuwa ni joto, watoto wanachezea maji nje. Januari, wakati sisi tuko kwenye mvua, mji ule unaweza kufika digrii 30 chini ya sifuri. Binti alimweleza yote. Kijana alinyamaza mpaka wakadhani laini imekatika.

Halafu akasema kwamba hata huko watu wanakufa kwa sumu hiyohiyo. Wengine wameacha gari linanguruma ndani ya banda lililofungwa, wengine jiko lao la kupasha nyumba limeharibika. Kwa hiyo nyumbani kwake kuna kidude kidogo ukutani kinacholia kikiisikia hewa hiyo. Mwisho akamwambia baba yake: "Baba, theluji yangu iko nje ya nyumba. Baridi yako iko ndani. Ulinificha kwa nini?"

Mwalimu alikosa jibu. Mwisho wa mwezi kijana alituma pesa kidogo. Zilitosha mablanketi mawili ya kaunjika, yaani ya mtumba, yale mazito.

LAKINI ASIYE NA MTOTO KANADA?

Najua msomaji mmoja ananiuliza hivyo, na ana haki. Kwa hiyo nilimwomba Mama Mkunga anionyeshe walichofanya kabla pesa haijafika. Ni haya.

Baridi nyingi inatoka chini. Blanketi tatu juu na mkeka mtupu chini ni kazi bure. Wakati wa mavuno maganda ya mahindi yanatupwa kila mahali. Mama aliyakausha juani siku tatu, akajaza magunia mawili, akashona mdomo. Hicho ndicho kitanda cha wajukuu. Kila juma yanaanikwa tena ili yasioze wala kuweka wadudu. Chini yake ametandika makaratasi ya maboksi.

Vipande vya vitenge na nguo zilizokufa vinashonwa kuwa blanketi la viraka, safu mbili, katikati gunia laini. Nyuzi alizitoa kwenye sweta lililochanika.

Nyufa za ukuta upande wa upepo zinazibwa kwa udongo mwezi wa nne, kabla baridi haijafika. Lakini usizibe kila tundu. Nyumba lazima ivute hewa.

Kabla ya kulala, jiwe au tofali linapashwa moto kwenye mbabula nje, linafungwa kwa kitambaa kizito na kuwekwa miguuni. Lishike kwanza kwa mkono wako. Mzee mwenye kisukari anaweza kuungua asisikie, huyo avae soksi tu. Kofia nayo ni muhimu, maana hakuna anayefunika kichwa kwa blanketi usiku kucha.

Vaa nguo nyepesi mbili tatu badala ya moja nzito, maana hewa inayokaa katikati ndiyo inayotunza joto. Nguo ya mchana yenye jasho usilale nayo.

Na pombe? Mama alikunja uso. Watu wanasema kachasu inaleta joto. Si kweli. Inafungua mishipa ya ngozi, damu inakimbilia nje, unasikia moto dakika chache, halafu joto la mwili linapotea zaidi kuliko mwanzo. Mlevi akilala nje usiku wa Julai anaweza asiamke.

MZEE AKIBADILIKA, USISEME NI UZEE

Joto la kawaida la mwili wa mtu ni karibu digrii 37. Likishuka chini ya 35 ni hatari ya kufa. Kijana akisikia baridi anatetemeka sana, na kule kutetemeka kunamletea joto. Mzee anaweza asitetemeke. Yeye anaanza kusinziasinzia mchana, maneno yanakuwa mazito, anachanganya majina ya watoto, anajikwaa. Familia inasema "ni uzee." Weka mkono wako tumboni kwake, chini ya nguo. Tumbo likiwa baridi, huo si uzee. Mvue nguo mbichi, mfunike vizuri pamoja na kichwa, kama yuko macho na anameza vizuri mpe kinywaji cha moto chenye sukari, na umpeleke kituo cha afya. Usimsugue kwa nguvu wala kumsogeza karibu sana na moto.

Wenye ugonjwa wa presha waangalie pia. Wakati wa baridi mishipa inajikaza na presha inapanda. Huu si mwezi wa kuacha vidonge. Tena wazee hawasikii kiu wakati wa baridi, wanakaa siku nzima bila maji. Mama anampa Mwalimu kikombe cha maji ya moto asubuhi, mchana na saa kumi za jioni, na anasimama hapo mpaka kiishe. "Kama mtoto wa chekechea," Mwalimu ananong'ona, lakini anakunywa.

Kikohozi chenye kupumua haraka au maumivu ya kifua si cha kusubiri. Kwa mzee homa ya mapafu inaweza kuja hata bila mwili kuchemka.

BLANKETI HUNUNULIWA OKTOBA

Mwaka huu nilipowatembelea, Mwalimu alikuwa kwenye ukuta wake wa mashariki na watoto tisa wa darasa la jua. Mvulana yule aliyepewa blanketi sasa ndiye anayehesabu mablanketi siku ya Jumapili, kazi aliyorithi kwa mama yake. Anaita kwa sauti kubwa, kitanda kwa kitanda, na babu anaitika "yupo" kama mwanafunzi. Wakati wa kupika jioni, mbabula inakaa nje kwenye jiwe lake. Majivu yakipoa, msichana mdogo anakwenda kuyakanyaga ili awe na hakika.

Mama Mkunga alinipa ushauri mmoja wa mwisho, akasema niuandike hata kama nafasi ni ndogo. Mwezi wa kumi ndio wenye jua kali kuliko yote huku kwetu. Hakuna anayefikiria blanketi, na wauzaji wa kaunjika wanataka kuyaondoa. Mwezi wa sita blanketi lilelile linapanda bei na unagombania na watu ishirini. Kwa hiyo kuanzia Agosti wanaweka kwacha chache za dimba kwenye kopo la maziwa. Oktoba ikifika, binti anakwenda sokoni na kopo lake, jua likimchoma kichwani, na kuuliza blanketi zito liko wapi. Mwaka jana muuzaji alimwangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, akamshushia bei.